Uwanja wa Mama Faith

Kila alasiri watu wa mtaa ule wa pembezoni mwa Sumbawanga, kule ambako lami huishia na nyumba huanza kuupanda mlima zenyewe bila kupangwa, walimwona Coleta akipita na mtoto mgongoni, wakadhani anampeleka hospitali. Hakuwa akienda hospitali. Alikuwa akimtafutia mtoto mahali pa kucheza.

Faith alikwishafikia umri wa kutembea kwa miguu yake. Lakini malaria ilikuwa imempanda kichwani, ikamtupa kwenye degedege, na alipozinduka upande wake wa kushoto ulikuwa umelegea kama nguo iliyoanikwa. Mkono ulirudi polepole. Mguu haukurudi. Kisigino kilikataa kugusa ardhi, akawa anatembea kwa ncha ya vidole, bega moja juu, bega moja chini, na baada ya hatua chache hukaa na kumnyooshea mama yake mikono.

"Mama, mafuta unayompaka si mabaya," dada wa mazoezi ya viungo wa hospitali alimwambia Coleta, "ila hayatoshi. Huyu dawa yake ni kucheza. Akimbie, apande, aanguke kwenye majani laini, ainuke. Tena na wenzake, maana peke yake hatajituma. Ukimweka ndani, hii mishipa ya nyuma ya mguu itakaza. Ikishakaza, hata mimi nitakosa cha kukwambia."

"Achezee wapi?"

Dada yule alicheka kidogo, bila dharau. "Popote, mama. Mtoto si hucheza popote?"

Coleta aliondoka na neno hilo, akalitafuta mji mzima.

Asubuhi alifua mashuka kwenye gesti moja karibu na stendi. Mume wake, Teodori, alikuwa ameteremka Wampembe, ziwani, kununua samaki wa migebuka, na safari zake zilikuwa zimerefuka hadi Coleta akaacha kuuliza atarudi lini. Kwa hiyo alasiri zilikuwa zake na za mtoto. Walianza uani kwao. Ua wa Mzee Adriano, mwenye nyumba, ulikuwa wa saruji yote, na kuanzia mwezi wa sita ulianikwa mahindi kutoka ukuta hadi ukuta. Mzee alikaa kibarazani na koti lake zito, akiwatazama watoto kama anavyotazama kuku. "Watoto wakachezee nje," alikuwa akisema, na nje ilikuwa barabara, na barabarani zilipita bodaboda ambazo hazikumjua mtoto mzima wala mlemavu.

Walikwenda shule ya msingi. Uwanja ulikuwepo, mpana, wenye majani, ila geti lilifungwa wanafunzi wakitoka, na mlinzi alisema ameagizwa. Walikwenda kwenye bustani moja yenye bembea za rangi. Pale mtoto hachezi mpaka mzazi ameagiza kitu, na muda wa kuagiza ukiisha mhudumu husimama karibu na kufuta meza iliyo safi. Walikwenda uwanja wa mpira. Vijana waliokuwa wakijifunza kuendesha pikipiki waliuzunguka kwa vumbi, na mmoja alimpigia Coleta kelele, "Mama, mtoe huyo, hatuna breki sisi!" Wenzake wakaangua kicheko. Kanisani katekista aliwapokea vizuri, akawaonyesha kiwanja cha nyuma, akamletea Faith hata kigoda. Lakini kiwanja kile kilikuwa cha kokoto, zimemwagwa kwa ajili ya ukumbi mpya. Faith alianguka mara ya kwanza, akachubuka magoti. Alianguka mara ya pili, akakataa kuinuka.

Hivyo ndivyo walivyofika juu kabisa, nyuma ya nyumba za mwisho, ambako mlima unaanza.

Ulikuwa mteremko mzima wa majani. Yalikuwa yamekwisha kukauka, ya rangi ya dhahabu, marefu kufika kiunoni, na upepo wa Ufipa ulioshuka kutoka milima ya Mbizi uliyalaza na kuyainua. Chini, pembeni, ilisimama mikaratusi michache, na mbele yake kipande cha majani mafupi, laini, kama zulia lililosahauliwa. Hapakuwa na uzio wala kibao. Coleta alimshusha mtoto. Faith alisimama, akaangalia huku na huku, kisha akajiangusha kwa makusudi kuona kama panauma.

"Mama, hapaumi," alisema.

Coleta hakuwa mtu wa kuvamia. Alimuuliza mwenye nyumba wake, maana alikuwa amesikia kwamba sehemu ya mlima ule ni yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Lile eneo la juu, lenye majani, lina mtu?"

"Ni la kwangu," alisema Mzee Adriano. "Nilimwazima yule Msukuma, Mboje, ananipa samadi ya shambani. Kwani vipi?"

"Watoto wakicheza pale, kuna neno?"

Mzee aligeuza mahindi yake kwa mguu. "Wacheze. Majani tu yale."

Baada ya majuma machache pale pakawa uwanja. Bertha, jirani wa chumba cha pili, alileta wanawe, kisha mama wa nyumba ya nyuma, kisha watoto wasio na mama wa kuwaleta. Coleta alifunga kamba kwenye mkaratusi, akaning'iniza tairi chakavu aliloomba gereji. Kina mama walikaa kwenye kanga wakichambua maharage, watoto wakacheza rede na kombolela. Pakaitwa kwa Mama Faith.

"Mwaka wa uchaguzi ugombee," Bertha alimtania. "Sera yako tairi."

"Na wewe utakuwa mpiga debe wangu, mdomo unao."

"Nitakuuza nchi nzima!"

Coleta alicheka. Tangu mtoto augue alikuwa hajacheka mpaka akashika mbavu. Mtu aliyezoea kuingia kwa watu kwa mlango wa nyuma, akiwa na beseni la nguo chafu, ana namna yake ya kufurahi anapoitwa kwa jina la mahali.

Boma la Mboje lilikuwa upande wa pili wa mteremko, miiba imezungushwa, nyumba mbili za udongo na zizi. Mboje mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye fimbo isiyotoka mkononi. Alikuja huku miaka ya nyuma na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Alipopita jioni aliwasalimia kina mama, akatazama watoto chini ya mikaratusi, akaenda zake. Kila asubuhi ng'ombe wake walitoka zizini, wakapita kandokando ya majani yale marefu, wakaenda mbali kula mabua kwenye mashamba yaliyovunwa. Jioni walirudi kwa njia ileile. Hakuna hata mmoja aliyeingia.

"Hata ng'ombe wenyewe hawayataki," Bertha alisema siku moja, na Coleta akaona ni kweli. Alikuwa amezaliwa upande wa Mpui, binti wa mkulima. Kwao majani yalikuwa na njia mbili: yafukiwe kwenye matuta yaoze, ama yachomwe kabla ya mvua. Majani yaliyosimama hivihivi mpaka kiangazi yalikuwa uvivu wa mtu.

Binti wa Mboje, Kija, aliyechunga ndama, ndiye aliyemwamsha Faith. Wengine walimwacha nyuma, au walimwonea huruma, na huruma ya watoto huchosha upesi. Kija hakuwa na huruma. Alimshika mkono na kumvuta.

"Kimbia, wewe!"

"Siwezi!"

"Ndama wangu ana mguu kama wako na anakimbia. Wewe ni mdogo kuliko ndama?"

Faith alilia, akakimbia huku analia. Akaanguka, Kija akamngoja bila kumwinua. Kesho yake ikawa hivyo, na kesho kutwa. Coleta alikaa na maharage mapajani akijilazimisha asisimame. Kufika mwezi wa nane, akimwosha mtoto, alishika kile kisigino na kukisukuma juu kama alivyofundishwa, kikakubali. Kiligusa beseni. Dada wa mazoezi alipokipima alisema, "Popote unapompeleka, usipaache."

Kitu kimoja Coleta alikiona na hakukielewa. Mpira ukiingia kwenye majani marefu, watoto wengine waliufuata kwa fujo, lakini Kija aliingia kwa kunyata, akitenganisha mabua kwa mikono miwili, akatoka kwa nyayo zilezile. Coleta alidhani anaogopa nyoka.

Na nyoka akaja. Mwezi wa tisa, mtoto wa Bertha alitoka kwenye majani anapiga mayowe. Moma alikuwa amelala juu ya mpira, mnene kama mkono wa mtu mzima. Hakumgusa mtu. Lakini kina mama waliinuka wote kwa pamoja, wakakusanya kanga zao, na Coleta akaona uwanja unamponyoka.

"Mimi sirudi hapa," alisema Bertha. "Wangu wawili walioko kwa Mungu wanatosha, sina wa ziada."

"Tuchome," Coleta alisema. "Kwetu tungekuwa tumekwisha kuchoma."

Alikwenda tena kwa mwenye nyumba. Alitaka kila kitu kiwe na baraka.

Mzee Adriano alifikiri kwa muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji. "Chomeni," alisema. "Mtakuwa mmenisaidia."

Wakachagua Jumamosi. Kazi ile waliijua tangu wasichana. Walifyeka njia pana ya kuzuia moto upande wa nyumba, wakafyeka kuzunguka mikaratusi, na kwa sababu walikuwa watu wa utu walipanda hadi juu wakafyeka na kulizunguka boma la Mboje, lisije likashika. Mboje alikuwa amekwenda mnadani. Mkewe alikuwa kisimani. Coleta ndiye aliyewasha, kwa kuwa uwanja ulikuwa wake.

Moto ulichukua majani yale kama ulikuwa ukiyasubiri. Uliguna, ukapanda, ukatandaza moshi mpaka mjini, na mwewe wakaja kuzunguka juu wakitafuta panya wanaokimbia. Watoto walipiga makofi. Ndipo Kija alipotokea juu, bila ndama wake, anakimbia, amevunja tawi bichi, akaanza kuupiga moto kwa nguvu zake zote huku akipiga kelele kwa Kisukuma. Hakuna aliyeelewa neno. Bertha alimkamata kiunoni, akambeba nje ya moshi.

"Mtoto utaungua! Acha, hauji kwenu! Tumekinga kwenu, tazama!"

Kija alimng'ata mkono.

Mboje aliporudi, jua lilikuwa likikaribia mlima. Coleta alimwona akisimama juu, kisha akianza kushuka katikati ya majivu. Hakupita pembeni. Alitembea taratibu, majivu yakipanda kila hatua, na alipofika kwenye mikaratusi viatu vyake vya tairi vilikuwa havionekani.

"Nani kawasha?"

"Mimi, kaka," Coleta alisema. "Kulikuwa na nyoka. Watoto..."

"Nyoka."

"Moma. Mkubwa."

Mboje alitazama chini. "Mimi nilifunga haya majani tangu mvua ilipoisha," alisema. "Hakuingia ng'ombe, hakuingia mbuzi. Mabua yakiisha kule mashambani, mwezi huu, ndiyo nafungua hapa, wanakula mpaka mvua inyeshe. Ndiyo ghala lao. Wewe kwenu mkiwa na ghala mnalichoma, kwa sababu ya panya?"

Yaliyomjia Coleta ni maneno aliyopewa na mwenye nyumba. "Nilijua ni majani tu."

"Majani tu," Mboje alirudia, kwa sauti ya mtu anayejaribu chakula asichokijua. Halafu akamwita binti yake, wakapanda kwao.

Wengine walisema kesi iende ofisi ya mtaa. Mboje hakupeleka kesi. Aliyekuja ni Mzee Adriano, amesimama mlangoni kwa Coleta, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Mama Faith, umenisafishia," alisema, na alikuwa akitabasamu. "Nilikuwa nawaza yule nitamtoaje. Mtu ukishamwazima, tena anakuletea samadi, unamwambiaje hama? Sasa anahama mwenyewe. Nakata viwanja. Pale pote."

"Baba, ulijua kwamba yale majani ni ya ng'ombe?"

"Mimi ni mzee, najua mambo mengi." Aliangalia kile chumba, kitanda, beseni, mtoto aliyekaa chini akivaa kiatu. "Na wewe ukae kwa amani. Sina ugomvi na wapangaji wangu."

Coleta alielewa alichoambiwa. Alikuwa na chumba, hakuwa na pa kwenda, na mume alikuwa Wampembe. Alisema, "Asante, baba." Neno hilo lilimkaa mdomoni siku nyingi, kama chakula kilichoungua.

Mboje aliondoka Jumatatu asubuhi. Angewashusha ng'ombe hadi bonde la Rukwa, kwa ndugu zake wa Milepa, na kila mtu aliyewaona wakipita mtaani alijua kwamba wengine hawangefika. Walikuwa wamekwisha kuonyesha mbavu. Mabua yalikuwa yamekwisha na njia ya kushuka bondeni haihurumii mnyama mdogo. Coleta hakwenda kufua. Alisimama kando ya barabara na Faith, upepo ukimpiga kanga, mpaka Mboje alipomfikia.

"Kaka, nilimuuliza mwenye eneo. Mara mbili. Aliniambia nichome."

Mboje alisimama. Ng'ombe walimpita pande zote mbili.

"Nilimwonyesha yule mzee mpaka wa majani kwa kidole," alisema. "Kwa hiyo alijua."

"Basi ujue si kwa ubaya wangu."

"Najua si kwa ubaya." Aliinua fimbo, akaonyesha juu mlimani, boma tupu, miiba iliyofunguliwa. "Pale ndipo nilipokaa, dada. Ulikuwa unapaona kila siku. Ungekuja ukaniuliza mimi."

Mboje akawafuata ng'ombe wake.

Kija alikuwa wa mwisho, nyuma ya kundi, akimsukuma yule ndama mwenye mguu. Alipita karibu kabisa. Hakugeuka.

"Kija!" Faith aliita.

Kija aliendelea.

Faith akauachia mkono wa mama yake. Alikimbia. Alikimbia katika vumbi la kwato, bega juu, bega chini, kisha mabega yakakaa sawa, na kisigino kile kikapiga barabara, kikapiga, kikapiga tena, kama hakijawahi kukataa. Coleta alifungua mdomo amwite arudi, akashindwa. Tangu wanusurike kumpoteza kwenye degedege lile, alikuwa akiomba aone jambo hili. Sasa alikuwa analiona, na lilikuwa linakwenda kinyume na kila alichokiomba.

Mtoto alianguka kwenye changarawe. Kundi likakata kona.

Viwanja vilikatwa. Kwenye ule mteremko mweusi yalisimikwa mawe ya mipaka, tairi likaondoka na aliyelihitaji, mikaratusi ikakatwa kwa ajili ya miti ya kuezekea. Watoto walijaribu kucheza kwenye majivu. Walirudi nyumbani weusi, wakikohoa, wakapigwa. Faith alikaa ndani. Kila Coleta alipomtoa, alikaa chini hapohapo mlangoni. Dada wa mazoezi alikishika kisigino, akakisukuma, akakisukuma tena.

"Kimeanza kupanda," alisema. "Ulipaacha?"

Mwishoni mwa mwezi wa kumi Bertha alimwambia watoto wamepata mahali. Palikuwa bondeni, nyuma ya mtaa, kwenye mashimo ya kufyatulia tofali. Kulikuwa na kingo za kupanda na kuteleza, udongo laini, hakuna pikipiki, hakuna mlinzi. Watoto wa mtaa mzima walikuwa huko.

"Na mvua ikinyesha?" Coleta aliuliza. "Yale mashimo hujaa."

"Mvua bado. Wewe unapo pengine?"

Hakuwa napo. Lakini safari hii hakumtafuta mwenye eneo. Alishuka akamtafuta anayechimba, mzee aliyeitwa Wilibrodi, akamkuta anapanga tanuri, miguu imejaa udongo hadi magotini. Alimwamkia, akamwambia yote bila kuficha: mtoto, mguu, majani, ng'ombe.

Wilibrodi alisikiliza akiwa ameshika tofali bichi. "Basi wewe ndiye uliyechoma," alisema. "Moshi ule tuliuona hata huku."

"Ni mimi."

"Mimi sifukuzi watoto. Ila sikudanganyi, mama. Hilo shimo kubwa limepita kimo changu. Tone la kwanza likianguka, sitaki kumwona mtu hapa. Udongo ukilowa haumwachii mtoto."

"Nitakaa mwenyewe. Kila siku."

"Utakaa na wa kwako. Na hawa wengine?"

Coleta alitazama. Walikuwa wengi, wanapanda na kuteleza, wanapiga kelele, na hakukuwa na mama hata mmoja kando yao. Faith alikuwa amekwisha kumponyoka. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye ukingo, anajivuta juu kwa mikono, mguu wa kushoto ukitafuta pa kukanyaga, unateleza, unatafuta tena.

"Na hawa pia," alisema.

Alikaa ukingoni, mahali ambapo angeona chini kote. Alivua kandambili ili aweze kukimbia. Upande wa bonde la Rukwa mawingu yalikuwa yamekaa mazito, ya rangi ya majivu, na upepo uliokuwa ukivuma tangu asubuhi ulikuwa umekata.